Mimba moja, tarehe tatu: uchambuzi wa kisa cha mama aliyeambiwa kiumbe kimekufa

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote mwanzo mpaka mwisho kwa sababu mama huyu aliambiwa mambo matatu mabaya ndani ya mimba moja, kwanza kwamba kiumbe kimekufa, halafu kwamba mtoto hakui, mwisho kwamba mimba imepitiliza, na yote matatu hayakuwa kweli, na yote matatu yalitoka kwenye tarehe moja iliyoandikwa juu ya kadi siku ya kwanza ikaachwa hapo. Mimi ni mkunga. Mama mwenyewe karidhia niandike, na kila kitu cha kumtambulisha nimekitoa.

Ana miaka 29, hii ni mimba yake ya pili, mtoto wa kwanza yupo na ni mzima. Hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 4 Januari, hiyo anaijua bila kusita maana huwa anaandika kwenye simu. Mume wake anafanya kazi mbali, alikuwa hayupo nyumbani tangu kabla ya mwaka mpya akarudi tarehe 3 Februari, shika hiyo tarehe tutaihitaji. Tarehe 15 Februari akaona siku zimechelewa sana, akapima mkojo, hamna kitu. Tarehe 24 akapima tena, mstari wa pili ukatokea ila umefifia. Tarehe 10 Machi akaenda kupiga altrasaundi, ile ya juu ya tumbo, na karatasi ikatoka imeandikwa hivi: mfuko wa mimba upo ndani ya kizazi, kiinitete kina milimita 4, mapigo ya moyo hayaonekani, umri kwa kipimo wiki 6 na siku 1, umri kwa hedhi wiki 9 na siku 2, mimba imeharibika. Akaambiwa arudi kesho yake asafishwe.

Hakurudi. Alikuja kwetu siku mbili baadaye, yeye na mumewe, na mume alikuwa na lake jingine kabisa. Alingoja mkewe amalize kulia ndo akasema, "Nesi, mimi kuhesabu najua. Hapa pameandikwa wiki 9. Wiki 9 zilizopita mimi sikuwepo." Akanyamaza, na mama wa watu akainamisha kichwa. Kwa hiyo mezani palikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja, kama mtoto yupo hai, na kama ndoa yenyewe itavuka hiyo siku, na jibu la yote mawili lilikuwa kwenye kalenda.

Sasa hebu tuelewane kwanza wiki za mimba zinahesabiwaje, maana hapa ndo watu wengi wanapotea, na siwalaumu, hesabu yenyewe imekaa kinyumenyume. Tunaanza kuhesabu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Siku hiyo mwanamke hana mimba, yai hata halijapevuka. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 yai linatoka kama siku ya 14, kwa hiyo wiki 2 za kwanza za "mimba" ni wiki ambazo mimba haipo kabisa, tunazihesabu tu kwa sababu hedhi ni kitu mtu anakiona na kukikumbuka wakati siku ya kutunga haonekani mtu wa kuithibitisha. Ndo maana tunasema mimba ni wiki 40, siku 280, wakati mtoto mwenyewe anakaa tumboni kama wiki 38. Ukiambiwa mimba ina wiki 9 maana yake imetungwa kama wiki 7 zilizopita. Wanaume wengi wakiona wiki kwenye karatasi wanarudi nyuma wiki hizo hizo wanakuta walikuwa safarini, na nyumba inawaka moto bure.

Tarehe ya kujifungua nayo ina kanuni yake ya zamani, inabeba jina la Franz Naegele, daktari wa uzazi Mjerumani wa karne ya 19: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Kwa mama huyu 4 Januari inakuwa 11 Oktoba, na ndo iliyoandikwa juu ya kadi yake. Kanuni ni nzuri, naitumia kila siku ya kazi, ila inasimama juu ya sharti moja, kwamba mzunguko ni wa siku 28 au karibu na hapo. Sharti likivunjika tarehe yote inavunjika.

Basi nikamuuliza swali ambalo kwenye ile karatasi hapakuwa na dalili kwamba aliulizwa. "Mama, siku zako huwa zinakuja baada ya muda gani?" Akanijibu, "Zinaenda zinavyotaka nesi, mara siku 35, mara nafika hamsini, toka nilipomwachisha mkubwa ziwa hazijawahi kutulia." Hapo tu picha ilishabadilika. Kinachovutwa kwenye mzunguko mrefu ni ile sehemu ya mwanzo, ya kabla yai halijatoka, ile ya baada ya yai kutoka mpaka hedhi huwa inabaki kama wiki 2 hivi. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 50 yai linatoka kama siku ya 36. Ukihesabu siku ya 36 kutoka 4 Januari unaangukia kati ya tarehe 8 na 9 Februari. Mume kafika tarehe 3. Nilimwandikia hayo kwenye karatasi nyeupe, tarehe kwa tarehe, nikamsogezea asome mwenyewe, na alivyomaliza akaomba kalamu akahesabu tena kwa mkono wake. Sikuona sababu ya kumharakisha.

Lakini mzunguko mrefu peke yake haunipi uhakika, ni dokezo. Kilichonipa nguvu zaidi ni kile kipimo cha mkojo cha tarehe 15 Februari kilichotoka hamna. Watu wanakidharau kipimo kilichotoka hamna, wanakitupa na hawataji, wakati mkunga anakihitaji sana. Angalia. Yai likishatoka linaishi kama saa 12 mpaka 24, mbegu za kiume zinaweza kusubiri ndani ya mwili wa mwanamke mpaka siku 5, na zikikutana ni kule kwenye mrija, siyo kwenye kizazi. Yai lililorutubishwa linaanza kugawanyika huku linateremka, siku ya 5 hivi limeshakuwa kifuko kidogo chenye maji ndani, na kati ya siku ya 6 na ya 10 linajipachika kwenye ukuta wa kizazi. Ni mpaka lijipachike ndo homoni ya hCG inaanza kuingia kwenye damu ya mama, na hiyo ndo kipimo cha mkojo kinaitafuta. Kama mimba ingekuwa imetungwa kwa hesabu ya kadi, kama tarehe 18 Januari, basi tarehe 15 Februari zingekuwa zimepita wiki 4 toka kutunga na mkojo ungepiga mistari miwili mikali. Ulitoka mmoja. Ukichukua mimba imetungwa tarehe 9 Februari, siku ya 15 ni siku ya 6 toka kutunga, yai bado hata halijashika vizuri, hamna ni jibu sahihi kabisa, na mstari uliofifia wa tarehe 24 nao unakaa mahali pake.

Kwa hiyo tukawa na dalili tatu zisizojuana zinazosema kitu kimoja: mzunguko, mkojo, na ile altrasaundi yenyewe iliyosoma wiki 6 na siku 1. Karatasi ilikuwa inasema ukweli, ila msomaji wa karatasi akaamini zaidi hedhi, akaona kiinitete cha wiki 6 ndani ya mimba ya wiki 9, akahitimisha kimekufa wiki 3 zilizopita.

Na hata kama tungeiweka hedhi pembeni kabisa, hitimisho lile halikustahili kuandikwa siku ile. Kiinitete cha milimita 4 ni kidogo kuliko punje ya mchele. Moyo wa binadamu unaanza kupiga kama siku ya 22 toka kutunga, na tarehe 10 Machi ilikuwa kama siku ya 29, yaani huo moyo ulikuwa na wiki moja hivi tangu uanze, na unatafutwa kwa mashine iliyowekwa juu ya tumbo. Vigezo ambavyo wataalamu wa altrasaundi walivikubaliana Marekani mwaka 2012 na kuvichapisha 2013 viliwekwa kwa ajili ya visa kama hiki: kusema mimba imekufa kwa kukosa mapigo peke yake, kiinitete kiwe kimefika milimita 7 au zaidi kwa kipimo cha kupitia ukeni, na kama ni mfuko mtupu usio na kiinitete basi uwe na wastani wa milimita 25 au zaidi. Chini ya hapo unasubiri, unarudia. Zamani walikuwa wanatumia milimita 5, wakapandisha makusudi, kwa sababu kipimo kinaweza kukosea kidogo na kosa la upande huo halirudishiki. Kusubiri kwa mama ambaye hana dalili za hatari kunamgharimu usingizi. Kusafisha mimba iliyo hai kunamgharimu mtoto.

Naomba hapa nieleweke vizuri, sisemi kila mtu akiambiwa mimba imeharibika akatae aende nyumbani. Mimba nyingi zinaharibika kweli mwanzoni, mara nyingi kwa hitilafu za kromosomu ambazo mama hakuzisababisha kwa chochote alichofanya. Na kama kuna maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, kuzimia, maumivu begani, au damu nyingi, hapo hakuna cha kusubiri, hiyo inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi na inaua. Mama huyu alikuwa hana hata tone, mfuko ulishaonekana uko ndani ya kizazi, presha nzuri. Huyo anaweza kusubiri.

Tarehe 21 Machi, siku 11 baada ya kipimo cha kwanza, daktari akampima tena, safari hii kwa kupitia ukeni. Mume aliomba kuingia akaruhusiwa, akasimama upande wa kichwani. Mfuko ukaonekana, mkubwa kuliko wa mwanzo, ndani yake kiinitete kina kichwa kinachotambulika na vijitokezo vinne vya mikono na miguu, na katikati ya kifua kitu kinachezacheza haraka sana, ukubwa wa nukta. Daktari hakusema kitu, akaugandisha ule mstari wa mapigo kwenye skrini, akahesabu, karibu 150 kwa dakika, ndo akamgeuzia mama skrini. Urefu kutoka utosini mpaka matakoni milimita 14, wiki 7 na siku 5. Kutoka 4 mpaka 14 ndani ya siku 11, na kiinitete cha umri huo kinaongezeka karibu milimita 1 kwa siku, kwa hiyo hakikuwa kimesimama hata siku moja, kilikuwa tu kidogo kwa umri kwa sababu umri wenyewe ulikuwa mdogo.

Kipimo hiki cha utosi mpaka matako ndo bora kuliko vyote kwa kupata umri wa mimba, na siyo kipya, Hugh Robinson alikionyesha kule Glasgow mwaka 1973, mji huo huo ambao Ian Donald alichapisha picha za kwanza za altrasaundi za uzazi mwaka 1958. Sababu yake ni kwamba mwanzoni viinitete vya watu wote vinakua kwa mwendo unaofanana sana, mtoto wa watu warefu na wa watu wafupi, hamna tofauti. Kosa lake miezi 3 ya kwanza ni siku 5 mpaka 7 tu. Kadiri mimba inavyokua watoto wanaanza kutofautiana, huyu mnene huyu mwembamba, na altrasaundi ikishavuka wiki 28 inaweza kukosea mpaka wiki 3. Kwa hiyo altrasaundi ya kwanza kabisa ndo inashika umri na zote zinazofuata zinapima ukuaji. Ukiona tofauti kubwa na hedhi mapema, zaidi ya siku 5 kabla ya wiki 9 au zaidi ya siku 7 mpaka wiki 13 na siku 6, unabadilisha tarehe, mara moja, na baada ya hapo huigusi tena. Kwa mama huyu tofauti ilikuwa siku 22. Tarehe mpya ikawa 2 Novemba.

Siku ile aliuliza jambo jingine lililokuwa linamla moyo. Mwishoni mwa Januari alikunywa antibaiotiki wiki nzima na kwa hesabu ya kadi alikuwa tayari na mimba. Kwa hesabu sahihi yai lilikuwa halijatoka. Maswali ya dawa yote yanategemea tarehe, kwa sababu kila kiungo kina siku zake za kujengwa. Ile dawa ya usingizi na kichefuchefu inayoitwa thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 ikaondolewa Novemba 1961, watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na viungo vilivyopungua, na kipindi ilichokuwa inaharibu kilikuwa kifupi, kama siku ya 20 mpaka ya 36 toka kutunga, wiki 2 na kitu tu. Ndo wiki hizo hizo ambazo mwanamke mwingi bado anajiuliza kama amechelewa au ana mimba.

Na foliki, ile vitamini ya vidonge wanayopewa wajawazito, ni hivyo hivyo. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, unafunga kama siku ya 28 toka kutunga, ambayo kwa mama huyu ni tarehe 9 Machi, siku moja kabla ya altrasaundi yake ya kwanza. Tulimpa foliki na madini chuma kama kawaida, mwili wake ulivihitaji, lakini kwenye kufunga kwa huo mrija tulishachelewa, na mtu yeyote anayeanza kliniki na mimba ya miezi 3 ameshachelewa pia. Mikrogramu 400 kwa siku zinatakiwa zianze kabla ya kushika mimba. Kwake mrija ulifunga salama na tulikuja kuuona.

Tarehe 22 Aprili akarudi akiwa na wiki 12 na siku 2. Ukishapita wiki 10 jina linabadilika, kiinitete kinakuwa kijusi, maana viungo vyote vikuu vimeshawekwa mahali pake na kazi inayobaki ni kukua na kukomaa. Mtoto alikuwa na milimita 58, inaendana kabisa na tarehe yetu, vidole vinaonekana, utumbo ambao kwa wiki kadhaa huwa unakaa ndani ya kamba ya kitovu umesharudi tumboni, figo zinaanza kutengeneza mkojo. Sina mengi ya kusema hapo, kila kitu kilikuwa vizuri.

Shida ikarudi kwa mlango mwingine. Kliniki za kawaida alikuwa anaenda kituo cha karibu na kwao na kadi ilifunguliwa kule, juu imeandikwa 11 Oktoba kwa wino, karatasi yetu ya altrasaundi imebanwa ndani. Mtu mwenye foleni ndefu anasoma juu. Tarehe 24 Mei kadi inasema wiki 20, nesi anapapasa tumbo anatarajia kizazi kifike usawa wa kitovu, anakikuta chini, katikati ya kitovu na mfupa wa kinena, anauliza anacheza, mama anasema bado sijasikia. Akaandika mtoto mdogo kuliko umri. Ukweli alikuwa na wiki 16 na siku 6 na kizazi kilikuwa pale pale kinapotakiwa kuwa. Kucheza mama wa mimba ya pili anasikia kati ya wiki 16 na 18 hivi, wa kwanza anaweza kufika 20, na huyu kondo lake lilikuwa mbele, linazuia mateke ya mwanzo yasifike. Alimsikia tarehe 1 Juni, wiki 18 kamili. Kwa bahati nzuri kile kipimo kikubwa cha kuangalia viungo tulikipanga sisi, wiki 20 na siku 5, moyo ukaonekana vyumba vyote vinne, uti wa mgongo umefunga mpaka chini. Angepimwa kwa tarehe ya kadi angepimwa na wiki 17, moyo ni mdogo mno kusomeka vizuri, na angeambiwa haueleweki.

Agosti 16 tumbo likaanza kukazakaza akakimbizwa hospitali. Kadi inasema wiki 32, altrasaundi ya siku hiyo ikakadiria kilo 1.3 na ikatoa umri wake yenyewe, wiki 29 na siku 5, na tarehe ya tatu ya kujifungua, 27 Oktoba. Sasa kadi ina tarehe tatu. Kwa mtoto wa wiki 32 kilo 1.3 ni ndogo, kwa hiyo ikaandikwa mtoto hakui, na ikaanza kuzungumzwa habari ya kumtoa mapema. Kwa tarehe sahihi alikuwa na wiki 28 na siku 6, na kilo 1.3 kwa umri huo ni nzuri tu.

Hapa nataka tukae kidogo maana hatari ilikuwa kubwa kuliko watu walivyoona. Mtoto wa wiki 32 na wa wiki 28 ni watoto wawili tofauti kabisa kwenye mapafu. Ile kemikali inayozuia vifuko vya hewa visigandane inaanza kutengenezwa kama wiki ya 24 lakini inatosha karibu na wiki ya 35. Ndo maana mama mwenye dalili za kujifungua kati ya wiki 24 na 34 anachomwa sindano za steroidi za kukomaza mapafu ya mtoto, kazi ya Graham Liggins na Ross Howie kule New Zealand iliyochapishwa mwaka 1972, mojawapo ya vitu vilivyookoa watoto njiti wengi. WHO wanaposhauri sindano hizo wanaweka sharti kwamba umri wa mimba uwe umepimwa vizuri. Tumbo la mama huyu lilitulia lenyewe, shingo ya kizazi haikufunguka. Lakini fikiria lingekazakaza wiki 3 baadaye, kadi ingesema wiki 35, amepita kipindi cha sindano, angenyimwa, na mtoto angetoka na mapafu ya wiki 32.

Kujua kama mtoto kweli hakui huwezi kwa kipimo kimoja, labda pawepo na dalili nyingine kama mtiririko mbaya wa damu kwenye kamba ya kitovu. Unapima, unaacha wiki 2 au 3, unapima tena uone ameongeza nini. Septemba 6 alikuwa na kilo 1.8. Nusu kilo ndani ya wiki 3, damu kwenye kamba inapita vizuri, maji ya kutosha. Mtoto anayeongeza hivyo anakua.

Oktoba 18 ndo ile ya mwisho. Kadi inasema wiki 41, akaandikiwa aanzishiwe uchungu, na kwa aliyeandika haikuwa ovyo, ni mwongozo, WHO wanashauri kuanzisha uchungu mimba ikifika wiki 41, kwa sababu kuanzia hapo kondo linachoka na hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda. Lakini mwongozo huo huo unasema mama anayejulikana kwa uhakika kwamba amefika wiki 41. Mama huyu alikuwa na wiki 37 na siku 6. Shingo ya kizazi ngumu, imefunga, ndefu. Ungemwanzishia pale ungeweza kukaa naye siku 2 halafu ukamalizia kwa upasuaji, na mtoto anayetolewa kabla ya wiki 39 bila sababu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shida ya kupumua, hata kama kilo zake zinaridhisha. Alinipigia simu kutoka kitandani, akasema, "Nesi, wamesema mimba imepitiliza, na mimi nakumbuka ulisema Novemba." Nikamwambia, "Toa ile karatasi ya tarehe 21 Machi, mpe daktari mkononi, mwombe aanze kuhesabu kutoka hapo." Daktari wa zamu akaisoma, akahesabu, akafuta oda mwenyewe, na akaandika juu ya kadi kwa herufi kubwa 2 Novemba. Nilimheshimu sana kwa hilo. Akampa utaratibu wa kurudi kuangaliwa presha na mapigo ya mtoto, na akamwambia mtoto akipunguza kucheza, chupa ya uzazi ikipasuka, damu ikitoka au kichwa kikiuma sana asingoje tarehe.

Uchungu ulianza wenyewe usiku wa kuamkia Oktoba 31. Wiki 39 na siku 5, ambazo kwa kadi ya mwanzo zingekuwa wiki 42 na siku 6. Akajifungua kawaida, wa kike, kilo 3.25, akalia papo hapo. Na mwili wa mtoto nao ulikuwa na ushahidi wake, mkunga aliyempokea alinielezea vizuri: maji meupe safi, ule utando mweupe wa mafuta bado umejaa kwenye mikunjo ya shingo na mapaja, ngozi laini haijachubuka, kucha zimeishia kwenye ncha za vidole. Mtoto aliyepitiliza karibu wiki 3 huwa mara nyingi anatoka mkavu, ngozi imepasukapasuka viganjani na kwenye nyayo, kucha ndefu, mara nyingi maji yana kinyesi. Huyu hakuwa na dalili hata moja.

Alivyoruhusiwa tulimwandikia mpango wa mimba ijayo kwa sababu mzunguko wake utaendelea kuyumba na anaweza kushika tena kabla hata hedhi haijarudi. Aanze foliki akiamua tu kwamba anataka mtoto. Akipima mkojo aandike tarehe ya kila kipimo, kilichotoka hamna na kilichotoka ipo. Apige altrasaundi kati ya wiki ya 8 na ya 12 kwa hesabu yoyote atakayokuwa nayo, na tarehe itakayotoka hapo iandikwe juu ya kadi, ile ya hedhi ipigwe mstari mmoja isomeke ila isitumike.

Kuhusu tarehe za mumewe, sijamsikia akiuliza tena. Ile karatasi nyeupe ya mahesabu aliondoka nayo.